Kisu Butu na Lawama ya Mwalimu

Walimu wenzangu wataniwia radhi nikianza kwa kuungama. Muhula mmoja niliwafokea wanafunzi wa chama cha kilimo kwa kosa ambalo, nilipolichunguza baadaye, lilikuwa langu mwenyewe.

Tulikuwa tumepandikiza miche 20 ya maparachichi. Baada ya wiki sita, vitawi 17 vilikuwa vimekauka. Nilisimama mbele yao nikasema kwamba mikono yao ilikuwa mizito na akili zao zilikuwa uwanjani. Binti mmoja wa Kidato cha Pili akainua mkono, akauliza kwa adabu: "Mwalimu, kisu kilikuwa kikali?"

Kisu kilikuwa changu, cha kukunja, nilichorithi kutoka kwa marehemu baba. Nilipokikunjua niliona haya. Nilikuwa nimekikatia waya wa ua, nimekifungulia mkebe wa rangi, na hata kukikazia skrubu za madawati. Ncha ilikuwa imevunjika na makali yalikuwa na mapengo mawili. Kisu cha namna hiyo hakikati kitawi, hukiponda. Na lile tabaka jembamba la kijani lililo chini ya gome, ambalo ndilo huunganisha kitawi na mche, likishapondwa haliungani.

Nikaongeza kosa juu ya kosa kwa kukipeleka kwa fundi mwenye mashine ya umeme. Alikinoa bila maji, cheche zikaruka, kikarudi kikimetameta; lakini ukingoni palikuwa na rangi ya samawati. Rangi hiyo ni ishara kwamba feleji imepata moto kupita kiasi na kupoteza ugumu wake. Siku mbili baadaye kilikuwa butu tena. Simlaumu sana fundi. Mwenye haraka nilikuwa mimi.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja seremala, jirani yangu, mwenye kinoo cha pande mbili. Kwanza tulisugua mgongo wa kisu, wala si makali, hadi mgongo na makali vikakutana na ncha mpya ikatokea. Kisha nikalowesha upande wa kinoo wenye chembe kubwa, nikalaza kisu kwa pembe ya digrii 20 hivi, nikasugua hadi kidole kikahisi ukingo mwembamba uliojikunja upande wa pili. Ndipo nikageuza. Ile samawati ilichukua jioni tatu kwisha. Tukamalizia kwa upande laini, na mwisho kwa mshipi wa ngozi, kisu kikivutwa kinyumenyume. Kikakata ukurasa wa gazeti bila kuurarua (mhariri anisamehe).

Twawafundisha watoto majina ya vifaa na matumizi yake, na mtihani huwauliza hayo hayo. Kuvitunza twamwachia nani?

Niliwaomba radhi wanafunzi wale pale pale bustanini. Tukapandikiza upya, na zamu hii kila mmoja alinoa kabla ya kugusa kitawi. Yule binti alinirudisha kwenye kinoo mara mbili.