Jina Zuri Halizibi Paa Linalovuja

Wasomaji wetu, mara nyingi kikundi kikimaliza kujenga shule watu husema, "Basi, kazi imekwisha." Hebu tuangalie shule moja ya mbali iliyodumu miaka 173, halafu tujiulize wenyewe.

Shule hiyo ni Institute of Notre Dame, katika mji wa Baltimore, Marekani. Masista waliotoka Bavaria, Ujerumani, waliianzisha mwaka 1847 ili kusomesha wasichana. Ilikuwa ndani ya mji wa zamani, katika barabara ya Aisquith. Matajiri wengi walihamia nje ya mji, lakini shule ilibaki palepale.

Matunda yake yalionekana. Nancy Pelosi alimaliza hapo mwaka 1958, na mwaka 2007 akawa mwanamke wa kwanza kuwa Spika wa Baraza la Wawakilishi la nchi hiyo. Barbara Mikulski alimaliza mwaka 1954. Kabla ya kuingia siasa alikusanya majirani zake kupinga barabara kuu iliyotaka kupita katikati ya makazi yao, na wakashinda. Baadaye alikuwa Seneta, kuanzia 1987 hadi 2017. Kumbe alianza kama sisi, na kikao cha majirani!

Hata hivyo, Juni 2020 shule ilifungwa kabisa. Kwa nini?

Kwanza, wanafunzi walipungua. Mwaka 1950 Baltimore ilikuwa na watu karibu 950,000. Mwaka 2020 hawakufika 590,000.

Pili, jengo lilizeeka, na matengenezo yalihitaji pesa nyingi mno.

Tatu, gharama ya walimu. Zamani katika shule za Kikatoliki za Marekani, masista walifundisha kwa posho ndogo tu. Walipopungua, ilibidi kuajiri walimu wa mshahara kamili, na karo ikapanda.

Angalieni jinsi mambo haya yanavyovutana. Wanafunzi wakipungua, karo inayoingia hupungua. Karo ikipungua, matengenezo huahirishwa. Ukipandisha karo ili kuziba pengo, wazazi wengine wanatoa watoto wao. Hapo sifa za zamani haziwezi kulipa fundi wala mwalimu.

Kwa hiyo tunashauri: pesa za harambee zisiishie kwenye mawe na mabati. Tengeni kiasi kidogo cha matengenezo kila muhula, hata kama paa bado ni jipya. Kamati isomee wazazi hesabu waziwazi. Shule ikifungwa, anayeumia kwanza ni msichana asiye na nauli ya kwenda shule nyingine.

Maswali ya kujadili katika kikundi:

1. Shule yetu ina wanafunzi wangapi mwaka huu, na miaka mitano iliyopita ilikuwa na wangapi?

2. Paa likivuja kesho, pesa za kulitengeneza zitatoka wapi?

3. Wasichana waliosoma hapa wako wapi sasa? Nani atawaita waje kusaidia kabla mambo hayajaharibika?