Maji ya Kisima: Tupime Nini Kwanza?



Umechimba kisima nyumbani kwako Ifakara. Maji yametoka. Ni maangavu na hayana harufu. Sasa unataka yapimwe. Umefikiri vyema. Lakini vipimo vya maji ni vingi, na kila kimoja kina gharama yake. Ukilipia kipimo kisichohusika, utapewa karatasi nzuri, na mtoto ataendelea kuharisha.

Basi jiulize kwanza: Katika bonde letu la Kilombero, tunaogopa nini ndani ya maji?

Wenzetu wa Arusha, Kilimanjaro na Singida wanaogopa madini ya floridi. Yakizidi, meno ya watoto huwa ya kahawia, na mifupa huweza kupinda. Kikomo ni miligramu 1.5 katika lita moja. Kuchemsha hakuyaondoi. Wao waanze na kipimo hicho.

Kwetu hofu kubwa ni kinyesi. Visima vyetu vingi ni vifupi, na vyoo vya shimo viko jirani. Wakati wa masika mto Lumemo hufurika, na maji machafu huingia visimani. Mwaka 1997 kipindupindu kilizuka Ifakara. Kijidudu cha ugonjwa huo hutoka katika kinyesi cha mgonjwa. Kikiingia majini hukioni, wala ladha haibadiliki.

Kwa hiyo lipia kwanza kipimo cha vijidudu vya kinyesi. Wapimaji hutafuta kijidudu kiitwacho E. koli, ambacho huishi matumboni mwa watu na wanyama. Katika mililita 100 za maji, yaani kama nusu kikombe, kisionekane hata kimoja. Jibu huchukua siku moja hivi, maana vijidudu huachwa kwanza vikue.

Muulize afisa afya wa kata yako mahali pa kupimia. Omba chupa ya maabara. Chupa ya soda haifai, hata ukiisuuza mara kumi. Usiguse mdomo wa chupa wala kifuniko kwa ndani. Iweke mahali pa baridi, na ifike maabara siku ile ile, ikiwezekana kabla ya saa sita kupita.

Tena, usichukue chupa moja. Chukua mbili: moja ya maji ya kisimani, na moja ya maji ya mtungi unaonywea. Wengi hawafanyi hivi, na hapo ndipo fedha zao hupotea. Kama maji ya kisima ni safi na ya mtungi ni machafu, kisima hakina kosa. Tazama kata, ndoo na mikono ya wanaochota. Kama yote mawili ni machafu, tazama kisima chenyewe, na choo kilicho karibu nacho.

Jibu la kiangazi lisikudanganye. Pima tena baada ya mvua kubwa.

Je, chumvi na chuma? Chumvi utaionja mwenyewe. Chuma utakiona: maji yakikaa huwa mekundu, na nguo nyeupe hupata madoa. Kama kisima kiko kando ya shamba linalopigwa dawa, mweleze mpimaji. Kipimo cha dawa hizo ni ghali, na si kila maabara inacho.

Wakati unangoja jibu, chemsha maji ya kunywa mpaka yatokote. Yaache yapoe katika sufuria ile ile, yakiwa yamefunikwa.