Ukiugua Segese: Zahanati Ipi Inastahili Hela Yako?

Segese, kwenye machimbo ya dhahabu, hela ipo, ila haiji kila siku. Duara, yaani shimo la kuchimbia, likitema, mfuko hujaa. Lisipotema, homa ya mtoto inakukuta na noti mbili. Basi amua mapema pa kutibiwa, na ulinganishe gharama yote, si ada ya kumwona daktari peke yake. Ada hiyo ndiyo huandikwa mlangoni. Inayomaliza hela huja baadaye.

Duka la dawa muhimu

Hapa ndipo karibu na ndipo rahisi. Panafaa kwa dawa ya maumivu, maji ya chumvichumvi na zinki ya mtoto anayeharisha, au kununua dawa uliyokwisha kuandikiwa. Duka halina ruhusa ya kudunga sindano, kutundika dripu wala kulaza mgonjwa. Ukiona kitanda nyuma ya kaunta, ondoka.

Hasara yake ni kununua dawa kwa kubahatisha au kwa vipande. Dozi ya dawa ya mseto ya malaria kwa mtu mzima kwa kawaida ni vidonge 24 kwa siku tatu. Ukinunua nusu, umelipa na bado hujapona.

Zahanati au kituo cha afya cha serikali

Kama una hela kidogo, anzia hapa. Kwa sera ya serikali, mjamzito, mtoto chini ya miaka mitano na mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo wana msamaha wa malipo. Matibabu ya kifua kikuu na VVU ni bure. Wewe unayefanya kazi duarani au kwenye karasha la kusaga mawe, ukikohoa zaidi ya wiki mbili nenda ukapimwe makohozi. Vumbi la mawe huharibu mapafu na kuongeza hatari ya kifua kikuu.

Ubaya wake ni foleni, na dawa kuisha. Dawa ikikosekana unaandikiwa ukanunue nje, na hiyo ndiyo gharama iliyojificha. Uliza mapema kama dawa na vipimo vipo leo. Malipo yapitie namba ya kumbukumbu ya serikali na upewe risiti. Usimpe mtu hela mkononi.

Zahanati binafsi

Unalipia muda: foleni fupi, na mara nyingi usiku wapo. Kwa kibarua anayepoteza posho ya siku akikaa benchi, hilo lina thamani. Lakini hapa ndipo bili huvimba.

Chukua mfano, bei zake ni za kukadiria tu. Zahanati ya kwanza inatoza 3,000 kumwona daktari, kipimo cha malaria 3,000, cha taifodi 5,000, dripu 15,000, sindano 6,000 na dawa 8,000. Jumla 40,000. Ya pili inatoza 5,000 kumwona daktari, kipimo cha malaria 3,000 na vidonge 8,000. Jumla 16,000. Iliyoonekana ghali mlangoni ndiyo nafuu.

Malaria isiyo kali hutibiwa kwa vidonge. Sindano ni ya malaria kali au mgonjwa asiyeweza kumeza. Dripu si dawa ya uchovu. Kipimo cha damu cha taifodi kinachofanywa mara moja hakiaminiki sana, kwa hiyo usikubali kila homa iitwe "malaria na taifodi". Uliza, "Hiki kipimo kitabadilisha dawa utakayonipa?" Jibu likiwa hapana, usikilipie.

Hospitali Kahama

Nenda kwa upasuaji, picha ya mionzi, kuongezewa damu au ugonjwa usiopungua. Jumlisha nauli ya mgonjwa na msindikizaji, chakula na siku za kazi zilizopotea. Omba barua ya rufaa na majibu ya vipimo uende navyo, usije ukalipia tena.

Mjamzito, mama aliyejifungua au kichanga akizidiwa, usianze kutafuta gari la kukodi. Piga 115 bure, namba ya usafiri wa dharura wa m-mama.

Ukaguzi wa dakika kumi

Tazama ukutani: leseni iwepo na isiwe imepita tarehe. Uliza jina la anayekutibu na taaluma yake. Segese kila aliyevaa koti jeupe ni "daktari", ila tabibu na daktari ni taaluma mbili. Tabibu aliyesajiliwa anatosha kwa homa ya kawaida. Kishoka hatoshi kwa lolote. Daktari husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika.

Tazama mikono: kuna maji na sabuni? Sindano ifunguliwe mbele yako, kisha itupwe kwenye boksi la sindano, si kwenye ndoo ya taka.

Tazama saa: kipimo cha haraka cha malaria husomwa baada ya dakika 15 hadi 20. Majibu ya dakika mbili ni ya kubuni. Mtoto apimwe uzito kabla ya kuandikiwa dawa, maana dozi hufuata uzito.

Uliza nyota: mwaka 2015 serikali ilianza kupima vituo vya ngazi ya msingi kwa nyota sifuri hadi tano. Awamu ya kwanza, karibu theluthi moja havikupata hata moja. Lengo lilikuwa tatu. Kituo chenye tatu hakitaona aibu kukuambia.

Mwisho, omba orodha ya bei kabla ya kuguswa. Wasipoitoa, mlango ni uleule ulioingilia. Ukidhulumiwa, mwone mganga mkuu wa wilaya au piga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya.

Uamuzi

Mtoto, mjamzito, mzee, kikohozi cha muda mrefu: serikali. Homa ya usiku na huna muda: binafsi, lakini ile iliyopita ukaguzi. Dalili za hatari, kama degedege, kupoteza fahamu, kupumua kwa shida au kutokwa damu nyingi: usilinganishe bei, wahi kituo kinacholaza wagonjwa.

Duara likitema, lipia bima ya familia kwanza. Uliza kiwango cha sasa, na hasa ni vituo gani vya karibu vinaipokea. Kadi isiyopokelewa Segese itakudai nauli kila unapougua.