Mbwa wa ghala naye ni mtaji: nani wa kumwachia mwenye mali akisafiri

WAFANYABIASHARA wa Dar es Salaam wanaokwenda nje kufuata mali huwa na hesabu ndefu kabla ya kuondoka: fedha za kigeni, viza, tiketi, nafasi ya kontena na mtu wa kusimamia duka. Jambo moja huachwa hadi usiku wa mwisho, nalo ni mbwa.

Yule mbwa anayelala mlangoni mwa ghala, au nyuma ya geti la nyumba yenye mzigo ndani, hukabidhiwa haraka haraka kwa yeyote aliye karibu, pamoja na mfuko wa dagaa na noti chache za kumwangalia. Mwenye mali akirudi baada ya wiki tatu humkuta amekonda, au mgonjwa, au hayupo kabisa. Wakati mwingine humkuta yupo na amenona, lakini ghala ndilo lililokonda.

Msimu wa uhaba

Mahitaji ya watunzaji wa mbwa hayalingani mwaka mzima. Maonyesho makubwa ya biashara ya Guangzhou, China, ambayo hufanyika mara mbili kwa mwaka kuanzia katikati ya Aprili na katikati ya Oktoba, huwaondoa wanunuzi wengi mjini kwa wakati mmoja. Desemba ndiyo kilele. Wenyeji wa Kilimanjaro hufunga maduka na kwenda Moshi na Rombo kula Krismasi, na safari ya kilomita zaidi ya 500 si ya kumbeba mbwa mkubwa kwenye gari lililojaa watoto na zawadi.

Anayeanza kutafuta mtunzaji tarehe 20 Desemba yuko katika hali ya mtu anayenunua mbuzi mkesha wa Idi. Hachagui, anachukua kilichobaki na kwa bei ya muuzaji. Anayetafuta Februari au Juni hupata muda wa kuuliza, kutembelea na kujaribu.

Ndugu, mgeni au banda

Kwa kawaida njia ni tatu. Ya kwanza ni ndugu au jirani, ya pili ni mtu wa kuja kulala nyumbani au ghalani, na ya tatu ni banda la kulipia, ambalo mara nyingi liko chini ya daktari wa mifugo au mfunzaji wa mbwa.

Jirani ni rahisi kwa bei, lakini si kila jirani anafaa kuombwa. Kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafi, ambao ndio wengi katika pwani hii, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alicholamba huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Jirani wa namna hiyo anaweza kukubali kwa aibu tu, kisha akawa anamrushia mbwa chakula kutoka mbali na kusahau maji. Kosa hapo ni la aliyeomba.

Banda lina uzuri wake: kuna uzio, kuna daktari karibu na kuna risiti. Ubaya wake ni kwamba mbwa wengi hukusanyika mahali pamoja, na ghala linabaki bila mlinzi wake. Mwenye kumpeleka mbwa bandani inabidi aweke hesabu ya mlinzi wa ziada kwa siku zote atakazokuwa nje.

Mtu wa kulala pale pale humwacha mbwa kazini. Lakini ni hapo hasa panapotakiwa macho, na wengi huteleza.

Mbwa wa ulinzi hamjui mwizi. Anamjua anayemlisha na asiyemlisha. Mtu aliyempa ugali na vichwa vya samaki kwa siku 21 mfululizo, akamfungua usiku na kumfunga alfajiri, amekuwa mwenyeji. Miezi minne baadaye akija saa nane za usiku na wenzake wawili, mbwa atatikisa mkia. Kwa hiyo anayemkabidhi mtu mbwa wa ghala amemkabidhi na ufunguo ambao hawezi kuudai siku ya kurudi. Kitasa hubadilishwa kwa nusu saa, lakini mbwa hafundishwi kumsahau mtu.

Ndiyo maana mtunzaji wa mbwa wa ulinzi achaguliwe kama anavyochaguliwa mtunza hazina. Ajulikane anakoishi na amekaa hapo muda gani. Mjumbe wa mtaa amtambue. Wawepo watu wawili waliowahi kumwachia mbwa, na wapigiwe simu kweli, si kuandikwa majina yao tu. Swali la kuwauliza ni moja: je, wamemwachia tena? Aliyeachiwa mara moja na hakuitwa tena ana habari yake.

Afadhali pia kumtumia mtu yule yule kila safari, hata akiwa ghali kidogo. Kila mtunzaji mpya ni mtu mmoja zaidi ambaye mbwa hatambwekea.

Jaribio la usiku mmoja

Mfanyabiashara hanunui gunia la mchele bila kutia kijiti ndani. Vivyo hivyo, mtunzaji hujaribiwa kabla ya safari: usiku mmoja kwanza, kisha siku mbili au tatu, mwenye mbwa akiwa bado mjini. Atokee ghafla saa ya jioni. Sufuria ya maji ina maji? Maji ni safi? Mnyororo ni mrefu kiasi gani, na kivuli kiko wapi saa saba mchana? Bandani, harufu ya mkojo wa siku nyingi inasema zaidi ya maneno ya mwenye banda.

Mbwa mzima mwenye afya anaweza kususa chakula siku ya kwanza au ya pili mahali pageni, na hilo pekee si la kutisha. Akipita hapo, au akitapika, au akiharisha damu, ni kazi ya daktari siku hiyo hiyo. Mtunzaji anayejua tofauti hiyo ana thamani.

Dalili nyingine nzuri ni mtunzaji mwenye maswali. Anauliza mbwa anakula nini, anaogopa nini, aliwahi kuuma nani, chanjo ilichomwa lini. Yule anayeuliza malipo tu na kusema "usiwe na wasiwasi, bosi" ndiye wa kumtilia wasiwasi.

Kadi ya chanjo

Chanjo ya kichaa cha mbwa haina mjadala. Karibu vifo vyote vya binadamu vinavyotokana na ugonjwa huu huanza kwa kuumwa na mbwa, na dalili zikishaonekana karibu hakuna anayepona. Mbwa huchomwa akiwa na miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka. Mtunzaji apewe nakala ya kadi. Akiumwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, aende hospitali bila kungoja, na mbwa aliyeuma afungwe na kuangaliwa kwa siku 10.

Kwa upande wa banda, lile linalopokea mbwa bila kudai kadi limewapokea na wengine bila kadi. Ugonjwa wa parvo, ambao huua sana watoto wa mbwa, unaweza kukaa kwenye sakafu na udongo kwa miezi mingi baada ya mgonjwa kuondoka. Kupe nao hawaulizi nani kalipa.

Karatasi moja inatosha

Kisheria, mbwa ni mali, na kumkabidhi mtu mali aitunze ni mkataba hata kama hakuna kilichoandikwa. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, ilifuata kwa karibu ile ya India ya mwaka 1872. Aliyepokea mali anatakiwa kuitunza kama mtu makini angetunza ya kwake. Aliyeitoa naye anatakiwa kusema kasoro anazozijua, kwa hiyo anayeficha kwamba mbwa wake huuma asije kulalamika akidaiwa gharama za hospitali.

Sheria ile ya India inatoa mfano wa ng'ombe aliyeachwa kwa mtunzaji akazaa ndama: ndama ni wa mwenye ng'ombe. Hili linawahusu wenye mbwa jike wa mbegu nzuri. Jike huingia joto takriban kila miezi sita na hubeba mimba kwa siku kama 63, hivyo anayeachwa kwa mtu mwenye dume anaweza kurudi na mzigo usioonekana. Kumpandisha bila ruhusa kupigwe marufuku kwa maandishi. Mwenye mbwa wa bei anaweza pia kumwekea chipu yenye namba chini ya ngozi, kwa sababu mbwa weusi wenye mabaka ya kahawia hufanana, na kubadilishiwa si jambo gumu.

Karatasi ya ukurasa mmoja iseme chakula ni cha nani, na siku ya kupokea na ya kurudisha zinahesabiwaje. Safari ya siku 21 hugeuka malipo ya siku 22 kwa swali hilo tu. Iseme pia bei ya kila siku ya ziada endapo ndege au mzigo utachelewa, na jina la mtu wa pili atakayemchukua mbwa mwenyewe asipopatikana.

Malipo yote yasitolewe mwanzoni. Nusu siku ya kukabidhi na nusu siku ya kurudi ni mpango unaokubalika, na kwa safari ndefu sehemu inaweza kutumwa kwa simu kila wiki baada ya kupokea picha ya mbwa iliyopigwa siku hiyo. Fedha za dharura ziwekwe kwa daktari wa mifugo, si mfukoni mwa mtunzaji, na daktari aambiwe mapema kiwango anachoruhusiwa kutumia bila kuuliza. Anayejitangaza kwenye mitandao na kutaka alipwe zote kabla hajaonyesha banda wala uso, aachwe na tangazo lake.

Siku ya kurudi, kabla ya nusu ya pili kulipwa, mbwa apimwe uzito ulinganishwe na ule ulioandikwa siku ya kuondoka, aangaliwe shingo chini ya mkanda, ndani ya masikio na kati ya vidole. Kisha apelekwe ghalani usiku ule ule, na mtu asiyemjua apite nje ya geti.