Mashine ya Kuchuma Chai na Hatima ya Ubepari

Baadhi ya wahakiki wa ubepari hudai kwamba mfumo huu utajizika wenyewe: mashine ikishika kazi ya binadamu, mshahara hutoweka, na pasipo mshahara hapana mnunuzi. Hoja hii inalegea Kericho. Mnamo Mei 2023, waandamanaji waliteketeza mashine za kuchuma majani chai katika mashamba ya huko. Hawakuwa washamba wasioelewa teknolojia. Walikuwa wamepiga hesabu, kwani mashine moja hufanya kazi ya makumi ya wachumaji. Lakini wanywaji wakuu wa chai ya Kenya wako Pakistani, Misri na Uingereza. Mchumaji akiachishwa kazi, mwenye shamba hapotezi mteja. Wanaompoteza ni muuza unga, fundi cherehani na mwenye vyumba vya kupangisha, ambao hasara yao haihesabiwi katika mnada wa chai wa Mombasa.