Kuhesabu Ndege wa Lutembe

Mtu atokaye Kampala kwenda Entebbe hupita karibu na Ghuba ya Lutembe, katika Ziwa Victoria. Ghuba hiyo ni ndogo, hektari 98 tu. Lakini tangu Oktoba hata Aprili hujaa wageni waliokimbia baridi ya Ulaya na Asia. Walio wengi ni buabua wa mabawa meupe, ndege wa jamii ya shakwe, ambao wamepata kukisiwa kuwa zaidi ya milioni moja. Matopeni hutembea kitwitwi, wakidonoa wadudu.

Ndege wengi hivyo huhesabiwaje? Si mmoja mmoja. Mhesabuji huketi mtumbwini na darubini, akahesabu ndege mia, akatazama wanajaza nafasi gani. Kisha hupima kundi zima kwa nafasi hiyo. Mwenzake huandika aina, idadi, saa na kimo cha maji.

Lakini hesabu moja haitoshi. Mtu akienda mwaka huu Januari, na mwakani Mei, atasema ndege wamekwisha, kumbe wamerudi kwao. Kwa hiyo chama cha NatureUganda huhesabu kila Januari, wageni wakiwapo, na kila Julai, wakati wamebaki wenyeji. Mahali pale pale, kwa njia ile ile.

Maji nayo hudanganya. Mwaka 2020 ziwa lilipanda kupita alama ya 1964. Matope yakifunikwa, kitwitwi hukosa pa kusimama, huhamia kwingine. Je, wamehama au wamekufa? Hesabu za miaka mingi na za ghuba nyingi ndizo zitujulishazo.

Kazi hii si mchezo. Kwa sababu ya wingi wa ndege wake, Lutembe iliandikwa mwaka 2006 katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, unaolinda ardhi za majimaji duniani. Hata hivyo mafunjo yake yamepata kukatwa na kufukiwa udongo. Anayetaka kuitetea hawezi kusema tu, "Zamani ndege walikuwa wengi." Ataulizwa: wangapi, lini, nani aliwaona? Jibu limo daftarini.

Nasi wanafunzi twaweza kuanza na kinamasi kilicho karibu: siku moja kila mwezi, saa ile ile, na daftari ambalo wanaohitimu watawakabidhi wanaoingia. Mali bila daftari hupotea bila habari.