Fahamu: Amlodipini na presha ya Waafrika

Ukipeleka karatasi ya daktari ya dawa za presha kwenye duka la dawa Kileleshwa, huenda ukapewa amlodipini: kidonge cha miligramu 5 au 10, cha kumeza mara moja kwa siku.

Inafanyaje kazi?
Misuli ya kuta za mishipa ya damu hujikaza kalsiamu inapoingia kwenye seli zake. Amlodipini huziba njia ambazo kalsiamu huingilia. Misuli hulegea, mishipa hutanuka, presha hushuka na moyo hupata nafuu. Dawa hii hutibu pia maumivu ya kifua yanayotokana na moyo kukosa damu ya kutosha.

Utafiti unasemaje?
Utafiti wa CREOLE, uliochapishwa 2019, ulihusisha Waafrika weusi 728 wa nchi sita, Kenya na Uganda zikiwemo. Kila mmoja alipewa dawa mbili za presha kwa pamoja. Baada ya miezi sita, amlodipini pamoja na hidroklorothiazaidi, au pamoja na perindopril, ilishusha presha kwa takriban pointi 3 zaidi ya perindopril na hidroklorothiazaidi.

Je, dawa zote zinazoziba njia za kalsiamu ni sawa?
La. Verapamil na diltiazem hupunguza pia kasi ya mapigo ya moyo, na hazifai moyo uliodhoofika.

Ukitumia amlodipini, uwe macho na nini?
Miguu inaweza kuvimba kwenye vifundo. Usiache dawa kimyakimya. Mwone daktari apunguze dozi au akubadilishie. Kujisikia mzima si kupona: mara nyingi presha haina dalili.